Ngiri Waliofundishwa Kuingia Kwao kwa Uso

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa nyumba!

Ndani kuna nani?

Kuna sisi!

Na nje?

Kuna anayetutazama!

Haya, sasa mmeamka. Wewe uliyelala mdomo wazi, funga, hata nzi wanatafuta nyumba siku hizi. Sogeeni karibu, mwenye simu aizime, na mwenye kukohoa akohoe sasa.

Hapo zamani za kale, zamani zile fisi alikuwa bado anasimama wima kama mnyama mwenye heshima zake, kulikuwa na familia ya Ngiri. Baba aliitwa Bwana Ngiri. Mama aliitwa Mama Kiduku, kwa sababu mtoto wao wa kwanza, Kiduku, alizaliwa nywele zimesimama katikati ya kichwa kama anayetoka kwa kinyozi. Wa pili aliitwa Matope. Wa tatu aliitwa Mwisho, maana mama yake alipomwona alisema, basi.

Walikaa bondeni. Mvua ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha, shimo lao likajaa maji mpaka vyura wakaja kuuliza kama kuna chumba cha kupanga. Wakahama. Wakapanda juu mlimani, wakapata shimo jipya lililochimbwa na Muhanga, yule mchimbaji wa masikio marefu ambaye huchimba leo na kesho ameshahama. Shimo zuri. Kavu. Mtaa wa wakubwa: Twiga jirani, Nyumbu jirani, Mbuni jirani.

Sasa sikilizeni hapa, maana hadithi yote imekaa hapa. Ngiri haingii kwake kama mimi na wewe. Ngiri akifika mlangoni husimama, hugeuka, halafu huingia kinyumenyume. Mkia unatangulia, matako yanafuata, kichwa kinakuja mwisho. Kwa nini? Kwa sababu silaha yake ni yale meno yaliyopinda usoni. Akishaingia hivyo, meno yanatazama mlango, na atakayechungulia atayakuta yanamsubiri.

Na Ngiri wakihamia nyumba mpya, siku ile ile ya kwanza, watoto hutangulia ndani kinyumenyume, na mama huja nyuma yao akivuta matandiko ya nyasi kwa mdomo, kinyumenyume vilevile, huku watoto wakiimba:

*Nyuma kwanza, nyuma kwanza,*
*mkia ndani, meno nje.*
*Anayekuja nimwone,*
*nimwone kabla hajaniona.*

Wakimaliza, wanalala rundo moja, na nyumba imekuwa yao. Hayo tu.

Lakini familia hii ilikuwa na shughuli. Shughuli, jamani! Bwana Ngiri alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Bwawa, katibu wa Kamati ya Majani, na mlezi wa Kamati ya Kufuatilia Kamati. Mama Kiduku alikuwa mkunga wa mbuga nzima. Pundamilia akishikwa na uchungu, Mama Kiduku. Swala akishikwa na uchungu, Mama Kiduku. Watoto asubuhi shule, mchana tuisheni, jioni wanafanya kazi za tuisheni. Ukitaka kuwaona wote pamoja, ilibidi usubiri msiba.

Siku ya kuhama walitua mizigo nje ya mlango: bunda la nyasi, kibuyu cha tope la kuogea, mizizi ya akiba.

Mama Kiduku akasema, "Baba Kiduku, haya, tuvute matandiko tuingie kama kawaida yetu."

Bwana Ngiri akatazama jua. "Mama Kiduku, nina mitingi."

"Dakika mbili tu."

"Tutafanya wikendi."

Mama Kiduku naye akasikia anaitwa huko chini, kuna nyumbu hali yake si nzuri. Akasema, "Sawa, wikendi," akaondoka mbio, mkia juu kama antena ya redio.

Wikendi ikaja, ikapita, haikusalimia mtu. Watoto wakawa wanalala juu ya udongo mtupu. Bunda la nyasi likabaki nje, likageuka kiti cha kunguru.

Bwana Ngiri akaona aibu. Si kwa ajili ya watoto, hapana, ni kwa sababu Twiga alipita akauliza, "Mnahama au mnahamia?" Ndipo akatangaza mbuga nzima: anatafutwa mtaalamu wa kuipanga familia katika nyumba mpya.

Wa kwanza kufika alikuwa Nungunungu. Hakutoka mbali, alikaa shimo la pili, ukuta kwa ukuta. Alikuwa amesoma. Alisomea Elimu ya Mashimo mpaka mashimo yakamwishia. Siku ya mahafali alivalishwa ile kofia bapa, miiba ikaitoboa palepale. Tangu siku hiyo alikuwa amekaa nyumbani, anatafuna mizizi na hasira.

Bwana Ngiri akakohoa kikubwa. "Kijana, una uzoefu?"

"Nimezaliwa shimoni, nimekulia shimoni, nimesomea shimo, na sasa hivi naishi shimoni."

"Hayo ni mambo yako ya kifamilia. Nauliza uzoefu wa kazi."

"Mzee, nitaupata wapi kama kila mnyama anauliza uzoefu kabla ya kunipa kazi?"

"Hapa mimi ndiye ninayeuliza. Nani anakufahamu?"

"Wewe. Mimi ni jirani yako."

"Namaanisha mtu."

Miiba ya Nungunungu ikaanza kusimama mmoja mmoja.

"Tutakupigia," akasema Bwana Ngiri.

"Unipigie ya nini? Nalala hapo. Ita tu."

"Tutakupigia."

Mnacheka? Chekeni. Kuna watu hapa bado wanasubiri kupigiwa.

Wa pili kufika alikuwa Bweha. Alivaa tai. Shati hakuwa nalo, lakini tai alikuwa nayo, tena nyekundu. Akaongea kwa pua kama mwenye mafua ya ng'ambo.

"Akchuale, Mheshimiwa, naitwa Dokta Bweha, konsalta wa makazi ya kisasa. Nimezunguka sana majuu."

Bwana Ngiri hakuuliza uzoefu. Hakuuliza nani anamfahamu. Alichouliza ni, "Dokta, utakunywa maji au maziwa?"

Basi. Kazi imepatikana.

Bweha hakuwa na nyumba. Alikuwa analala chini ya kichaka na kula alichobakiza Fisi. Na Fisi ndiye aliyemtuma. Fisi alikuwa anawamezea mate wale watoto wa Ngiri tangu wakiwa bondeni. Alishajaribu mara moja huko, akaingiza pua, akakutana na meno, akatoka na kovu. Tangu hapo akawa anaogopa mlango wa Ngiri kuliko anavyoogopa simba. Ndipo akamwambia Bweha, "Wewe una maneno. Nenda kanifungulie ile nyumba kwa maneno."

Bweha akazunguka nyumba, akatikisa kichwa, akasema, "Sori kusema, lakini mlango huu ni mwembamba mno. Mgeni wa heshima atapitaje?"

Mama Kiduku, aliyekuwa anakula amesimama ili aondoke, akauliza, "Mgeni gani huyo?"

"Mgeni wa hadhi, madamu. Mwenye mabega."

"Sisi wenyewe tunapita vizuri."

"Mai dia, nyumba ya kisasa haijengwi kwa ajili ya wenyeji."

Bwana Ngiri akacheka kwa heshima, kama anavyocheka mtu asiyeelewa. Mama Kiduku alitaka kuuliza tena, lakini swala alikuwa anamwita. Akaondoka. Mlango ukachimbwa, ukapanuliwa.

Nungunungu akatoa kichwa shimoni mwake. "Mzee! Huo mlango mpana unamfaa nani?"

"Maoni yapelekwe kwenye kamati," akasema Bwana Ngiri.

"Kamati gani?"

"Yangu."

Ng'ambo ya njia, mbele ya mlango ule, kulikuwa na kichuguu kikubwa. Bweha akaenda nyuma ya kichuguu, na nyuma ya kichuguu alikaa Fisi, mate yanachuruzika mpaka magotini.

"Vipi, buda?" akauliza Fisi. "Leo nakula?"

"Bado, bosi. Mlango tayari, mabega yako yanapita. Lakini wanalala rundo moja, mkubwa na mdogo, utamshikaje mmoja usiguswe na wengine? Projekti inataka subira."

Siku nyingine Bweha akarudi, akakuta wanajiandaa kulala wamebebana, mguu wa huyu shingoni kwa yule. Akaziba macho kwa tai yake.

"Noo, noo, noo! Mheshimiwa, huu ni msongamano. Familia ya hadhi kila mtu na chumba chake. Wazazi nyuma kabisa, kimya, hiyo ndiyo masta, chumba cha wakubwa. Watoto hapa mbele, karibu na mlango, wapate hewa safi."

Mama Kiduku akasema, "Watoto wangu mlangoni?"

"Hewa, madamu. Ubongo wa mtoto unataka hewa."

"Mama," akasema Mwisho, "mimi sitaki hewa. Mimi nataka mguu wa Matope shingoni."

Mama Kiduku akainama kumpangusa udongo shavuni, maana mtoto alikuwa bado analala chini na udongo ulikuwa umeanza kumganda. Alitaka kusema neno. Lakini mjumbe wa pundamilia alikuwa mlangoni anahema. "Tutaongea nikirudi," akasema. Aliporudi wote wamelala, kila mmoja chumba chake, na yeye mwenyewe alikuwa amechoka kiasi cha kulala kabla hajafumba macho.

Asubuhi Nungunungu akatoa kichwa. "Mzee! Tangu lini mdogo akalala mlangoni na mwenye meno akajificha nyuma?"

"Maoni yapelekwe kwenye kamati."

Bweha akaenda nyuma ya kichuguu.

"Leo?" akauliza Fisi.

"Bado, bosi."

"Bado nini tena? Tumbo langu limeanza kula utumbo!"

"Watoto wanalala mlangoni, ndiyo, lakini wanalala meno nje. Ni vimeno vidogo, ila ni sindano. Pua yako umeisahau?"

Fisi akapapasa kovu lake. "Sawa. Malizia basi hiyo projekti."

Mara ya tatu Bweha akaja na semina. Akamkalisha Bwana Ngiri na watoto juani, yeye akasimama kivulini.

"Nitauliza swali gumu," akasema. "Ni mnyama gani mwingine mbuga hii anaingia kwake kwa matako?"

Akanyoosha tai yake.

"Twiga anaingia kwa matako?"

"Twiga hana nyumba," akasema Kiduku.

"Usimjibu Dokta!" akafoka baba yake.

"Simba anaingia kwa matako? Haingii. Mheshimiwa, nisamehe kwa lugha, lakini mtaa mzima unawacheka. Mtu mstaarabu anaingia kwa uso. Kwa kifua mbele. Kwa kujiamini!"

Bwana Ngiri akahisi masikio yanawaka moto. Akamkumbuka Twiga na lile swali lake. Akakumbuka kwamba baada ya siku chache alikuwa amealika wakubwa kwenye sherehe ya kufungua nyumba. Palepale akapiga marufuku kuingia kinyumenyume. Akapiga marufuku na ule wimbo.

Mngeona mazoezi yao! Kiduku aliingia kwa uso, akagonga ukuta. Matope akaingia, akamgonga Kiduku. Mwisho akaingia, akakwama katikati, miguu ya nyuma inapiga teke hewani, baba anapiga makofi, "Safi! Kwa kujiamini!"

Mama Kiduku alirudi usiku ule akaambiwa hii ndiyo sheria mpya. Akasema, "Lakini mama yangu..." Bwana Ngiri akasema, "Mama yako hakuwahi kualika Twiga." Mama Kiduku alikuwa na kazi ya kuzalisha alfajiri. Akaingia kwa uso, akalala kwa uso, akaota ndoto mbaya.

Nungunungu akatoka shimoni mwili mzima. "Mzee! Akija mtu nyuma yenu mtamwona kwa kutumia nini? Mkia?"

"Kijana, wivu wa kukosa kazi utakuua. Maoni yapelekwe kwenye kamati!"

Nungunungu akarudi kwake. Akaupiga teke ukuta wake mwenyewe, akaumia kidole.

Ikafika siku ya sherehe. Shule zimefungwa, tuisheni imefungwa, watoto wameambiwa walale mchana ili jioni wasisinzie mbele ya wageni. Bwana Ngiri alikuwa bwawani anawapokea wakubwa kwa hotuba, na mnajua hotuba za mwenyekiti, hata kobe huzikimbia. Mama Kiduku alikuwa anamzalisha pundamilia.

Bweha akaenda nyuma ya kichuguu, anatembea kwa madaha, tai inapepea.

"Bosi, projekti imekamilika. Baba anahutubia. Mama anazalisha. Watoto wamelala, vichwa ndani, mikia mlangoni. Mlango ni wa saizi yako. Zunguka upande wa pili wa kilima, watu wa bwawani wasikuone, kisha uingie kama kwako."

Fisi akajilamba, akazunguka kilima.

Kumbe pundamilia yule alikuwa mwepesi, alijifungua kabla maji hayajachemka. Mama Kiduku akajikuta, kwa mara ya kwanza tangu wahamie, yuko nyumbani mchana na hakuna anayemwita. Akafika mlangoni, akachungulia wanawe.

Akaona mikia. Mikia ya wanawe wote, imemtazama yeye. Akasimama pale. Alikuja taratibu, hakubisha, hakupiga hodi, na hakuna hata mmoja aliyetikisa sikio. Mwisho alikuwa karibu kiasi cha kuguswa, amelala chini kwenye udongo, anakohoa usingizini.

"Hivi ni nani aliyewafundisha wanangu kuupa mlango mgongo?" akajiuliza. Kisha akajijibu mwenyewe, kwa sauti, kunguru juu ya bunda la nyasi wakamsikia: "Mimi nilikuwepo. Nilikuwa naondoka."

Akageuka akalitazama lile bunda. Limepigwa jua, limenyeshewa, limenyewa na kunguru. Akawafukuza kunguru. Akasema, "Sherehe na iende zake. Wanangu leo watalala juu ya nyasi." Akaliuma bunda kwa meno. Sasa bunda la nyasi halisukumwi kwa pua, litatawanyika njia nzima. Bunda huvutwa. Na ukivuta, ndugu zangu, unarudi nyuma.

Akarudi nyuma. Mkia ndani, matako ndani, na kwa ajili ya zile nyasi mdomoni hakuweza kuimba vizuri, akawa anaguna tu: *mm-mm mm-mm, mm-mm mm-mm*. Watoto wakashtuka. Kiduku akafungua jicho. Sauti ile waliijua kuliko majina yao. Wakajigeuza kwa shida, wakarudi ndani kinyumenyume, wakakusanyika nyuma ya mama yao, mguu wa Matope ukarudi shingoni kwa Mwisho, na wote wakaimba:

*Nyuma kwanza, nyuma kwanza,*
*mkia ndani, meno nje...*

"Shhh," akasema Mama Kiduku. Kivuli kilikuwa kimeziba mlango.

Fisi alikuwa amefika. Akaona nyasi zimejaa mlangoni, akacheka chini chini. "Wamenitandikia na godoro! Bweha huyu mkali." Akabisha kwa adabu ya uongo. "Hodi, hodi. Watoto wazuri mpo?"

Sauti ikatoka ndani. "Karibu."

"Mbona sauti nzito hivyo, mwanangu?"

"Ni mwangwi. Hii ni nyumba ya kisasa."

Fisi akaingiza kichwa. Nyasi zikamtekenya pua. Akaingiza mabega. Yalipita! Mlango ulimkaa kama suti ya kushonesha. Akajisukuma mpaka kiuno, akapanua mdomo, akazitenga nyasi ili achague mkia.

Hakuona mkia. Aliona meno manne, na juu ya meno macho mawili ya mama wa watoto.

"Mgeni wa mabega," akasema Mama Kiduku. "Tulipanua mlango kwa ajili yako. Umechelewa sana."

Akampiga. Akampiga kushoto, akampiga kulia, akampiga pale pale kwenye kovu la zamani. Fisi akalia mpaka hotuba bwawani ikakatika. Akataka kugeuka akimbie. Ageuke wapi? Mlango ulikuwa mpana wa kuingilia, si wa kugeukia. Yule aliyeingia kwa uso, kwa kifua mbele, kwa kujiamini, ilimbidi sasa atoke kwa matako.

Na nje nako kulikuwa na mtu. Nungunungu alikuwa amesikia wimbo ukutani. Alikuwa hajausikia tangu majirani wahamie. Akatoka kuusikiliza vizuri. Badala ya wimbo akakuta kiuno cha Fisi kinatoka mlangoni kinaruka-ruka. Nungunungu hakuitisha kikao. Nungunungu pia, mkumbuke, hapigani kwa uso. Akageuka. Akasimamisha miiba yote, ile ya mahafali na ile ya kutopigiwa simu. Akarudi nyuma kwa nguvu zake zote.

Lo!

Fisi alitoka pale kama risasi. Miiba imejaa kiunoni, miguu ya nyuma imekunjika kwa maumivu, anakimbia mbele juu, nyuma chini, na hivyo ndivyo anavyotembea mpaka leo. Hakusimama wima tena. Nyuma ya kichuguu akamkuta Bweha ameshatandaza kitambaa cha kulia.

"Ulisema wanaingia kwa uso!"

"Bosi, kwa mujibu wa semina..."

"Semina gani? Mama mtu anaingia kinyumenyume! Jirani naye anapigana kinyumenyume! Kuanzia leo usikae karibu na sahani yangu!"

Ndiyo maana mpaka leo Fisi akila, Bweha husimama mbali anazunguka, anasubiri mabaki.

Wageni wakafika. Mbele Bwana Ngiri, kifua nje, nyuma yake Twiga, Nyumbu na Mbuni. Akaona miiba imetapakaa. Akaona damu kwenye meno ya mkewe.

"Kumetokea nini hapa?"

"Mgeni alikuja," akasema Mama Kiduku toka ndani.

"Mgeni gani?"

"Yule wa mabega, Fisi."

Bwana Ngiri akageukia wakubwa. "Waheshimiwa, naunda kamati ya..."

"Baba Kiduku. Ingia ndani."

Akainamisha kichwa aingie.

"Geuka."

"Mbele ya wageni?"

"Mbele ya wageni."

Mbuni akaanza kucheka. Twiga akaziba mdomo. Bwana Ngiri akatazama mlango wake. Kwenye udongo, karibu na shimo dogo ambalo mwili wa Mwisho ulikuwa umelichonga kwa kulala, aliona alama za kucha. Kucha nene. Kati ya kucha na shimo hakukuwa na nafasi hata ya kuweka kwato.

Akageuka. Akaingia, mkia, matako, tumbo, na mwisho uso wake ukabaki mlangoni unatazama nje. Wageni hawakucheka tena. Mbuni aligundua kwamba hata yeye alikuwa amesimama kwa kuupa msitu mgongo, akageuka haraka.

Bwana Ngiri akatazama, akatazama, kisha akauliza polepole, "Hiki kichuguu... kimekuwa hapa mbele ya mlango wangu siku zote?"

"Siku zote," akasema Nungunungu. "Na kila Dokta akitoka kwako alikuwa anapita nyuma yake; leo ndiyo tumejua alikuwa anaongea na nani. Kila nilipouliza, niliambiwa maoni yapelekwe kwenye kamati."

Bwana Ngiri akakohoa. "Kijana, umefanya vizuri. Leta maombi upya. Sasa angalau una uzoefu."

Nungunungu alitaka kujibu, na mimi jibu lake nalijua ila kuna watoto hapa. Mama Kiduku akawahi. "Mwache huyo. Ingia, mwanangu, ulale na sisi. Tutatoboa ukuta."

"Kwa cheo gani?"

"Jirani."

"Mshahara?"

"Mizizi, kila siku."

"Kwa mkataba?"

"Kwa sahani."

"Nitafikiria," akasema Nungunungu. Lakini alipokuwa anafikiria, mkia wake ulikuwa tayari umeshaingia. Mpaka leo utamkuta Ngiri na Nungunungu wamekaa shimo moja.

Mmesikia? Basi chukueni mnachokwenda nacho. Nyumba mpya haihamiwi na mtu mwingine kwa niaba yako. Kama huna muda wa kutandika kitanda cha mwanao, hiyo si nyumba, umemwekea mizigo mahali. Na akija mtu wa tai kukufundisha uache ulivyofundishwa na mama yako, kabla hujamchemshia maji, muulize yeye analala wapi, anakula nini, na huo mlango anaupanua kwa saizi ya mabega ya nani.

Hadithi yangu nayo inaingia kwake. Mkia umetangulia, kichwa kimebaki mlangoni, meno yako nje.

Anayetaka kuifuata, apige hodi kwanza.